Mchezo Unaoanzia Jikoni

Kilichonikera mwanzo kabisa ni kwamba mchezo wenyewe unaanzia jikoni. Nilimwuliza mume wangu, "Wewe Fundi, tangu lini ukaingia jikoni? Chumvi tu hujui inakaa wapi." Akacheka kile kicheko chake cha puani, akasema, "Bonyeza kitufe." Nikabonyeza. Kijitu kilichokuwa kwenye televisheni kikaruka, kikagonga kichwa kwenye rafu ya sufuria, kikafa. Nikasema sichezi tena upuuzi huu. Nikacheza.

Lakini ngoja nianze vizuri, maana nikienda hivi nitajichanganya mwenyewe, na kuchanganyikiwa kwenyewe tayari ninako kwa kutosha.

Mume wangu ni fundi redio. Mtaa mzima unamwita Fundi, na mimi niliyeolewa naye namwita Fundi. Jina alilopewa na mama yake limebaki kwenye makaratasi. Kibanda chake si mbali na hapa nyumbani, nyuma ya maduka ya vifaa vya ujenzi. Ndani kuna meza moja, taa ya kuinamia, harufu ya risasi ya kulehemu iliyoyeyuka, na ukuta mzima wa redio ambazo wenyewe hawajaja kuzichukua. Mimi nashona sare za shule. Cherehani yangu iko jikoni, chini ya dirisha, kwa sababu ndipo penye mwanga, na humo jikoni ndimo nilimozeekea.

Zamani, watoto wakiwa wadogo, mtu mmoja alimletea kompyuta aitengeneze. Msifikirie hizi za siku hizi. Ilikuwa ndogo, upana wake kama ubao wa kukatia vitunguu, vitufe vya mpira, na haina hata kioo. Unaichomeka kwenye televisheni. Mchezo wake unatoka kwenye kaseti, hizi hizi za muziki, ila ukiisikiliza inapiga mayowe mpaka meno yanauma. Unangoja mayowe yaishe, ndipo picha inatokea. Mwenyewe hakurudi kuichukua. Fundi akaitengeneza, akajifundisha kuiamrisha, akawa anawatungia watoto michezo ya kijitu kinachopanda ngazi, kinaruka mashimo, kinaokota vitu. Nilijua ni utoto, utamtoka. Watoto wakakua, mashine ikaenda kulala kabatini chini ya mablanketi, nami nikashukuru.

Halafu Fundi akaanza kusahau.

Mwanzo tulicheka. Anakunywa chai, anaweka kikombe, anauliza mbona leo hakuna chai. Mimi nami sikumpa nafasi: "Chai imo tumboni mwako, iulize." Kisha akasahau jina la shemeji yake mbele ya shemeji mwenyewe, na kicheko kikakauka. Kisha akaanza kupotea. Fundi huyu huyu! Njia ya kutoka kibandani kuja nyumbani ameipita tangu nywele zake nyeusi, leo anaipoteza! Anatoka mchana kuja kula, anafika jua linatua, viatu vimejaa tope, uso umemshuka.

"Ulikuwa wapi?"

"Njiani."

"Njia gani hiyo isiyokwisha?"

"Njiani tu, mke wangu."

Basi. Hata ungemkamua, halimtoki neno jingine.

Kitindamimba wetu ni nesi, anakaa mtaa wa pili, na ukali wake kaurithi kwangu. Siku moja baba yake aliletwa na mtu asiyemjua kwenye pikipiki, na binti akaja juu. Akasimama katikati ya sebule, mikono kiunoni: "Mama, hii imetosha. Baba akipotea tena, unachukua ufunguo wa kibanda, anakaa ndani. Mnataka tumwokote mtaroni?" Nami nikasema ndiyo. Nikasema mbele ya Fundi mwenyewe, naye amekaa pale anautazama ufunguo, umefungwa kwa waya mwekundu wa redio, anauzungusha kidoleni.

Hakubisha. Hilo ndilo lililonichoma. Mtu huyu nimegombana naye maisha yangu yote, habishi? Najua kibanda kile ni nini kwake. Akishika redio mbovu, mikono yake inajua pa kwenda hata kama kichwa hakijui. Kumnyang'anya ufunguo ule ni kumzika huku anahema. Nilijua, na nikasema ndiyo.

Kesho yake akavuta mablanketi kabatini na kuitoa kompyuta.

Nilipigwa na butwaa. Mtu asiyekumbuka kama amekula, anakaa mbele ya mashine ile anaiandikia amri vidole vikikimbia, hatazami popote. Binti akasema ndivyo ulivyo ugonjwa wenyewe, ya zamani hayafutiki upesi. Mimi sikuelewa mbele wala nyuma. Nikaona afadhali, anatulia. Mpaka aliponiita, "Njoo ucheze."

"Nicheze mimi? Na mashati haya nani atayatia vifungo?"

"Njoo."

Nikaenda, nikiwa na sindano mdomoni.

Mwenye macho ya kawaida asingetambua kitu. Vipande vipande vya rangi, vyote vina pembe, na rangi zenyewe haziambiani: kijitu kikipita mbele ya mlango wa kijani, nacho kinageuka kijani. Fundi akasema mashine ina kumbukumbu ndogo, haiwezi kuweka rangi mbili pahali pamoja. "Kumbe mnafanana," nikamwambia. Akacheka mpaka akakohoa.

Pole pole nikaanza kutambua. Ilikuwa jikoni kwangu! Rafu ya sufuria, dirisha, ndoo. Unatoka kwa upande wa kulia, picha yote inafutika, unajikuta mwanzo wa picha nyingine: ngazi za nje. Ukizishuka, picha nyingine: tangi la maji la mtaa na mbwa wa jirani anakwenda na kurudi, ukimgusa unakufa. Kisha kwa kinyozi, mikasi inaruka hewani. Kisha mashine ya kusaga, magunia yanaanguka. Kisha maduka ya vifaa, na mwisho mlango wa kibanda, umefungwa. Ndiyo njia yetu ile ile. Na kwenye baadhi ya picha kuna redio ndogo inayowakawaka, unatakiwa uiokote. Mlango wa mwisho haufunguki mpaka uwe umeziokota zote.

Kijitu chenyewe kilikuwa doa jeupe lenye miguu, na wekundu kidogo juu. Nikajua ni yeye, na ule wekundu ni kofia.

Sasa nisikilizeni, mniambie kama nilikosea kukasirika. Mtu anapotea akiwa anarudi nyumbani. Anatunga mchezo wa njia. Mimi nikadhani, haya, anajifundisha njia asije akafungiwa ndani, maskini. Lakini mbona njia ameigeuza? Mchezo unatoka nyumbani kwenda kibandani! Kwenda hapotei!

"Fundi, umeuweka kinyumenyume. Ugeuze, uanzie kibandani."

"Ndivyo ulivyo."

"Ndivyo ulivyo nini? Wewe unapotea kurudi!"

"Najua ninavyopotea," akasema, na akauchukua ubao wake wa vitufe, akaendelea kugonga.

La pili lilinikaa kooni zaidi. Kinyozi yumo na mikasi yake. Msagaji yumo na magunia yake. Mbwa wa jirani yumo, na mkia kawekewa! Mimi simo. Nimemzalia, nimempikia, nimempigia pasi mashati, halafu mbwa anachorwa, mimi sichorwi.

"Mimi niko wapi humu?"

"Umo."

"Wapi?"

"Cheza, utajiona."

Nikacheza kwa hasira. Kila mchana, baada ya kazi, nikawa nakaa kujitafuta. Nilitazama nyuma ya tangi, nilitazama juu ya mapaa. Nikafa kwa mbwa, nikafa kwa mikasi, nikatumbukia mtaroni. Binti alinikuta siku moja nimeshikilia kitufe cha kuruka, nimeinua na mabega yangu kana kwamba yatasaidia. Akasema, "Mama, na wewe tena?" Akatikisa kichwa, akaenda zake.

Kisha ikaja siku Fundi akachelewa tena kurudi kula. Si sana, lakini alichelewa, na aliporudi mgongo wote ulikuwa mweupe wa unga. Nikampangusa kwa kiganja, namwuliza ulikuwa wapi, naye ananisukuma pembeni, hata maji hajanywa, anakimbilia kompyuta. Anagonga vitufe kama mtu aliyeacha maziwa jikoni. Nilipotazama, kwenye picha ya mashine ya kusaga pameongezeka redio mpya.

Hapo nikampa vidonge vyake. "Mimi hapa tumbo la kuhara limenishika kwa hofu, wewe unakuja kuongeza redio kwenye gemu? Una akili wewe?" Kisha nikayasikia mwenyewe niliyoyasema. Yeye hakuudhika. Akahifadhi mchezo wake kwenye kaseti, ikapiga mayowe yake, akashusha pumzi.

Binti nilimwambia baba yake alikuwa na mteja. Ufunguo ukabaki kidoleni mwa Fundi.

Redio ile mpya sasa, ilinitoa jasho. Aliiweka nyuma ya ukuta. Inaonekana inawaka, lakini mbele yake kuna ukuta mzima, hakuna mlango, hakuna ngazi. Nimegonga ukuta ule mpaka kidole kikafa ganzi.

"Fundi, hii haichukuliki."

"Inachukulika."

"Kwa wapi?"

Akatazama kioo cha televisheni. Macho yake yakazunguka, yakarudi, yakazunguka. "Sikumbuki," akasema taratibu. Akaniangalia kana kwamba mimi ndiye ningemwambia. Sikujua nicheke au nilie, nikaenda kupika.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida tu. Alitoka asubuhi, ufunguo kidoleni. Mchana hakuja. Chakula kikapoa, nikakipasha, kikapoa tena. Nikajifunga kitambaa changu cha kichwani, nikatoka.

Kibanda kimefungwa. Mwenye duka la misumari akasema Fundi aliondoka zamani sana. Nikampigia binti simu, akaacha kazi, akasema anakwenda kituo cha polisi na hospitali, na kabla ya kukata akasema, "Mama, leo ndiyo mwisho. Nikimpata, ufunguo nauchukua kwa mkono wangu." Nikasema sawa. Ningesema nini?

Nikaipanda njia, nikaishuka. Nikaita mpaka sauti ikakwama. Nikafika kwa kinyozi sijijui sijitambui.

"Mama, mbona hivyo?" kinyozi akauliza, wembe mkononi.

"Umemwona Fundi?"

"Alipita, tukasalimiana. Akapita tena, akanisalimu upya kana kwamba hatujaonana. Nikamwambia kaa kidogo, hakukaa." Akaelekeza kidole kwenye benchi fupi pembeni ya mlango. "Siku nyingine huwa anakaa hapo. Haongei. Anakaa tu mpaka kichwa kitulie, kisha anaondoka."

Nikalitazama benchi lile. Lilikuwa upande wa kushoto wa mlango, chini ya dirisha. Jamani, redio ya kwa kinyozi inakaa hapo hapo! Upande wa kushoto wa mlango, chini ya dirisha. Nimeiokota mara ngapi?

Nikarudi mbio kwenye tangi la maji. Redio ya tangini iko nyuma, kwenye kisiki cha saruji. Kisiki kipo, kimeng'ara katikati kwa kukaliwa, mtu hayupo. Nikakimbia kwenye maduka ya vifaa: redio ya pale iko chini ya turubai. Turubai lipo, na kiti kilichovunjika mgongo. Hayupo. Sikuwa naelewa kitu, naapa. Nilikuwa nafuata redio tu, kwa sababu sikuwa na kingine cha kufuata.

Imebaki mashine ya kusaga.

Nikasimama mbele yake. Mvumo, vumbi jeupe, na ukuta. Ukuta ule ule! Msagaji akanipigia kelele nisogee, magunia yanapita. Nikamwuliza kwa kelele, "Nyuma ya ukuta huu kuna nini?"

"Hakuna kitu! Tunatupa magunia mabovu!"

"Kunaingiliwa wapi?"

"Kwa huku hakuingiliki! Mpaka uzunguke uchochoroni kule, na kuna mtaro, Mama, hutaweza!"

Nikazunguka. Uchochoro mwembamba, mabega yanasugua kuta zote mbili, na mwisho wake mtaro mweusi wa maji machafu. Nikapandisha gauni. Magoti yangu haya hayajaruka kitu tangu nizae mtoto wa mwisho. Nikainua mabega, nikaruka.

Alikuwa amekaa juu ya magunia, ameegemea ukuta unaotetemeka, mgongo mweupe, ufunguo kidoleni. Akainua macho.

"Umefika," akasema.

"Nimefika nini!" Nikalia na kumfokea kwa pumzi moja. Nikamwambia yeye ni mtu mbaya, nikamwambia chakula kimeharibika, nikamshika uso kwa mikono miwili. Akaniacha nimalize, kisha nikakaa pembeni yake kwenye magunia. "Kwa nini hukuniambia huwa unakaa huku?"

"Ningekuambiaje? Nikishatulia nyumbani, sipakumbuki. Nikiingia tu mlangoni, kabla hapajanitoroka, ndipo napaweka kwenye mashine."

"Kwa hiyo kile kijitu chenye kofia..."

"Kofia gani?"

"Yako. Ile nyekundu kichwani."

Fundi akanishangaa. "Mimi lini umeniona na kofia?"

Kweli hajavaa kofia maisha yake yote, husema zinamwasha. Akanyoosha mkono, akaugusa ukingo wa kitambaa changu, kile chekundu ninachojifunga kila ninapotoka nyumbani. Kila ninapotoka jikoni.

"Na redio?" nikauliza.

"Sasa mimi ningejichora nini?" akasema. "Cherehani?"

Binti alitukuta nyumbani, mimi nina tope mpaka magotini, baba yake anakula kwa raha. Alinyoosha mkono tu, kiganja wazi, na baba yake akaacha kula. Akauvua ufunguo kidoleni. Aliuvua polepole, waya ukikwama kwenye kifundo, na mimi nikauwahi kabla haujafika kwa binti.

"Ufunguo una mwenyewe," nikasema, nikaurudisha.

"Mama! Si tulikubaliana?"

"Tulikubaliana nikiwa sijui pa kumtafuta. Akichelewa, nakwenda kumchukua."

"Unakwenda wapi? Mji wote huu?"

"Tangi, kinyozi, nyuma ya mashine ya kusaga, maduka."

Binti akanitazama, akamtazama baba yake, akaitazama televisheni. "Mama, na wewe umechanganyikiwa?"

"Sana," nikamwambia. "Lakini njia naijua."

Akakaa chini. Akajifuta macho kwa mkono wa sare yake ya kazi, akaomba chakula. Nilimpakulia.

Jioni ile ile nikaucheza mchezo. Kwenye picha ya kinyozi, pale juu ya paa ninapopita siku zote, nikarudi nyuma badala ya kwenda mbele, nikashuka upande wa uchochoro, nikaruka. Redio ya nyuma ya ukuta ikawaka, ikazimika, ikawa yangu. Mlango wa kibanda ukafunguka. Nikaingia nikitarajia sijui nini, maua, maneno. Picha ikafutika, nikajikuta jikoni.

"Ndiyo zawadi yenyewe hii? Jasho lote lile, narudishwa jikoni?"

"Si wewe uliyetaka mchezo wa kurudi nyumbani?" akasema Fundi.

Nilimtupia bobini ya uzi.

Akaendelea kwenda kibandani msimu ule wote na mingine mingi iliyofuata, na alipochelewa nilimfuata mimi. Kinyozi akazoea, akawa ananionyesha kwa wembe tu: yupo, hayupo. Msagaji aliweka ubao juu ya mtaro, akasema anaokoa magoti yangu. Sasa hivi Fundi haendi tena. Aliacha mwenyewe, asubuhi moja aliuweka ufunguo juu ya cherehani yangu, akauliza huu ni wa nani.

Anakaa pembeni yangu jikoni, nashona, na mchana nikichoka nawasha mashine. Anapenda yale mayowe ya kaseti, huinamisha kichwa kuyasikiliza. Juzi nilikuwa nacheza, nimeshapita kwa mbwa, akakinyooshea kidole kile kijitu.

"Huyu mwenye kitambaa ni nani?"

Kidole changu kikasita juu ya kitufe. "Mke wa fundi mmoja."

"Anatafuta nini?"

"Anamtafuta mumewe."

Akatazama mikasi inavyoruka, magunia yanavyoanguka, akakunja uso kwa wasiwasi. "Atafika?"

"Atafika. Anaruka vibaya, lakini hufika."

"Haya," akasema, akajiegemeza kitini na kuweka mikono mapajani. "Basi ngoja nimsubiri."